Vichanja vya Kibirizi na Vitanda vya Wodi

Alfajiri, mitumbwi inapoingia mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mama anayenunua dagaa wabichi ili awakaushe huwa ameshapiga hesabu moja kichwani kabla hajafungua fundo la pesa. Tuseme kila siku ananunua dagaa wa kujaza vichanja vitano. Jua likiwaka vizuri, walioanikwa asubuhi jioni wameshakauka, wanakusanywa, na kesho vichanja ni vitupu. Vitano vinamtosha. Mvua zikianza, jua linachungulia na kujificha, na dagaa wale wale wanakaa juu ya kichanja siku tatu. Leo kajaza vitano, kesho anataka vitano vingine, keshokutwa vitano tena, ndipo vile vya kwanza vinaachia. Sasa anahitaji vichanja kumi na vitano. Ziwa halikumpa hata dagaa mmoja wa ziada. Kilichoongezeka ni siku za kukaa.

Nimeanza na dagaa kwa sababu sisi watu wa Kigoma tukilalamikia uhaba wa vitanda hospitalini, huwa tunavihesabu kama mbuzi zizini: wapo wangapi, wanatakiwa wangapi, waongezwe waliopungua. Lakini kitanda cha wodi hakikai kama mbuzi. Kitanda ni kichanja. Idadi inayotakiwa haipatikani kwa kuangalia wagonjwa peke yao, bali kwa kuzidisha mambo mawili: wangapi wanalazwa kwa siku, mara kila mmoja anakaa siku ngapi. Mmarekani John Little aliithibitisha kanuni hii kihisabati mwaka 1961, na uzuri wake ni kwamba haichagui. Inafanya kazi kwa wagonjwa, kwa magari kituoni, kwa mizigo bandarini, ilimradi kinachoingia mwishowe kinatoka. Mama wa Kibirizi hakuusubiri uthibitisho huo.

Tuipeleke wodini. Chukua wodi ya watoto inayolaza watoto 20 kwa siku, kila mmoja akikaa siku 4. Ishirini mara nne ni themanini: kwa wastani, saa yoyote utakayoingia utakuta watoto 80. Ikiwa vitanda ni 40, basi ni wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na mama zao chini kwenye mikeka. Sasa punguza siku moja tu ya kukaa. Ishirini mara tatu ni sitini. Umepata nafasi za watoto 20 bila kumwita fundi seremala.

Siku moja itatoka wapi? Hapa ndipo mtu anatakiwa akae wodini na daftari, si ofisini. Mtoto amepona tangu Ijumaa jioni lakini daktari wa kumruhusu anapita Jumatatu. Kipimo kilichukuliwa asubuhi, majibu yakatoka mchana, karatasi ikalala maabara hadi kesho. Baba amekwenda kutafuta pesa ya kumalizia bili. Mama anatoka kijiji ambacho hakina barabara, anasubiri mtumbwi wa kwao uje mjini upakie mafuta ndipo arudi nao. Hakuna hata mmoja kati ya watoto hao anayetibiwa chochote. Lakini wote wako juu ya kichanja.

Mpaka hapa tumesema "kwa wastani," na neno hilo lina hila. Wavuvi wa dagaa huvua kwenye giza. Mbalamwezi ikitanda, taa zao hazivuti samaki, na wengi hupumzika. Ukimwambia mama wa Kibirizi ajenge vichanja kwa kufuata wastani wa mwezi mzima, atakucheka: siku za mbalamwezi vitakaa vitupu, na siku za giza dagaa watamwozea. Wodi nayo ina giza na mbalamwezi zake. Malaria hupanda baada ya mvua. Na hata ukiyaondoa majira, bado ipo bahati tu: leo wanalazwa 14, kesho 27, bila sababu yoyote unayoweza kuinyooshea kidole.

Bahati hiyo, ajabu, ina kanuni. Wagonjwa wanapofika kila mmoja kivyake, bila kuambiana, idadi yao huyumba juu na chini ya wastani kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha wastani wenyewe. Wodi yenye wastani wa wagonjwa 80 huyumba kwa takriban 9. Ukiwa na vitanda 80 kamili, siku karibu nusu utazidiwa. Ukitaka kuzidiwa siku mbili tatu tu kati ya mia, ongeza mara mbili ya myumbo huo: uwe na vitanda 98. Ziada ya 18 juu ya 80, chini kidogo ya robo.

Sasa angalia kituo kidogo cha afya kando ya ziwa chenye wastani wa wagonjwa wanne waliolazwa. Kipeuo cha pili cha nne ni mbili. Ili kuwa na usalama ule ule kinahitaji vitanda 8, mara mbili ya wastani wake. Maana yake ni kwamba kituo kidogo kinachoendeshwa ipasavyo ni lazima kionekane nusu kitupu. Mkaguzi akifika na gari lake, akahesabu vitanda vinne vimetandikwa na havina mtu, ataandika kwamba rasilimali hazitumiki, na pengine atashauri vihamishiwe mjini, kwenye wodi kubwa ambako kila kitanda kinafanya kazi. Kwa karatasi yuko sahihi: wagonjwa wakikusanywa pamoja, vitanda vichache hutosha. Tatizo ni kwamba kati ya wagonjwa wake na wodi hiyo kuna Ziwa Tanganyika, kilomita 673 za urefu, na sehemu kubwa ya mwambao ambako milima imeshuka hadi majini bila kuacha nafasi ya barabara.

Foleni ya kumwona daktari nayo ina tabia yake, ngumu zaidi kuikubali. Mtu wa kwanza kuichunguza kwa hesabu hakuwa tabibu. Alikuwa Agner Krarup Erlang wa Denmark, aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: waunganishaji wangapi wanatosha ili mpigaji asisubiri sana?

Mpe daktari mmoja mlango mmoja. Mgonjwa huchukua dakika 10 kwa wastani, wengine tatu, wengine nusu saa, nao hufika bila mpangilio. Kwa saa anaweza kuona 6. Wakija 3 kwa saa, yuko kazini nusu ya muda, na mgonjwa husubiri kwa wastani dakika 10. Wakija karibu 5, yaani asilimia 80 ya uwezo wake, kusubiri kunakuwa dakika 40. Kwenye asilimia 90 ni dakika 90. Na kwenye asilimia 95, hali ikiendelea hivyo, ni dakika 190, saa tatu na ushee.

Rudia namba hizo polepole. Kutoka asilimia 80 hadi 95 ni nyongeza ya wagonjwa 9 tu katika saa kumi za kazi, 48 kuwa 57. Daktari hakuzembea. Bado ana asilimia tano ya muda wake ambayo hana mtu mbele. Lakini muda wa kusubiri umerefuka karibu mara tano. Sababu yake ni kwamba dakika ambazo hakuna mgonjwa hazitunziki. Daktari akikaa bure saa nne asubuhi, dakika hizo hawezi kuziweka kabatini azitoe saa sita wanapoingia watu tisa kwa mpigo. Kadiri uwezo unavyojazwa hadi ukingoni, ndivyo nafasi ya kufidia mkupuo inavyokwisha, na kila mkupuo unaukuta mwingine haujaisha. Anayetaka daktari asikae hata dakika moja bila mgonjwa anaomba foleni isiyo na mwisho, hata kama hajui kwamba ndicho anachoomba.

Hesabu hizi mbili, ya kichanja na ya foleni, zilikutana kwa ukatili mwezi Mei 2015. Vurugu za kisiasa zilipolipuka Burundi, makumi ya maelfu ya watu walivuka wakakusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kutoka pale njia ilikuwa maji, na MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwabeba kwa awamu hadi Kigoma, ambako walipokelewa kwa muda katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikaingia. Kufikia wiki ya tatu ya Mei wagonjwa walikuwa wamefika takriban 3,000, wapya 300 hadi 400 kila siku, na watu 31 walikuwa wamefariki.

Kipindupindu ni ugonjwa wa hesabu. Kidudu chake kinaufanya utumbo umwage maji badala ya kuyafyonza. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Bila tiba, aliyeshikwa vikali ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kufa. Akirudishiwa maji na chumvi kwa kasi ile ile yanavyotoka, vifo hushuka chini ya mmoja kwa mia. Huhitaji bingwa. Unahitaji maji, dripu, ndoo, na mtu wa kukaa macho.

Basi zidisha. Wagonjwa 400 kwa siku, kila mmoja akikaa siku 3, ni vitanda 1,200. Hakuna hospitali ya mkoa unayoweza kuiomba vitanda 1,200 wiki hii. Lakini gawa kazi: tuseme nusu yao hawajaishiwa maji kiasi cha kulazwa, wanapewa kikombe cha maji ya chumvi na sukari ya pakiti, wanakunywa wakiangaliwa saa kadhaa, wanaondoka. Hao siku zao za kukaa ni karibu sifuri. Waliobaki 200 wakikaa siku 2 badala ya 3, unahitaji 400. Umeshuka kutoka 1,200 hadi 400, na bado hujaongelea maji safi na vyoo, ambavyo vinapunguza wale wagonjwa 400 wa mwanzo kabisa. Mlipuko ule ulizimwa katika wiki chache, kwa mahema, vitanda vya turubai vyenye tundu, na klorini.

Vifaa vikikosekana, daktari peke yake hatoshi. Daktari maarufu kuliko wote waliowahi kukaa Ujiji aliletwa akiwa mgonjwa. David Livingstone, aliyesomea udaktari, alifika mwaka 1869 akiwa hajiwezi. Sanduku lake la dawa lilikuwa limetoweka tangu 1867, wapagazi waliomtoroka waliondoka nalo. Shule zinafundisha kukutana kwake na Stanley mwaka 1871 chini ya mwembe; mimi ningefundisha lile sanduku. Daktari bila dawa alikuwa ni mgonjwa mwingine tu, tena mgonjwa anayejua jina la ugonjwa wake.

Hilo linatupeleka kwenye hesabu ya tatu, ambayo naiona kuwa kiini cha jambo zima. Mwanamke ana uzazi pingamizi usiku, anahitaji kupasuliwa. Ili upasuaji ufanyike, vitu sita viwepo kwa pamoja: mpasuaji, mtu wa dawa ya usingizi, muuguzi, damu, maji na umeme, vifaa vilivyochemshwa. Tuseme kila kimoja kinapatikana siku 9 kati ya 10. Tisa kwa kumi! Ukisoma ripoti ya kila idara peke yake utampongeza kila mkuu wa idara. Lakini vyote sita kwa pamoja ni 0.9 iliyozidishwa yenyewe mara sita, ambayo ni 0.53. Chumba cha upasuaji kinafanya kazi siku 53 kati ya 100. Siku 47 kuna daktari na hakuna damu, au kuna damu na hakuna taa.

Mlete daktari wa pili, mpasuaji apatikane siku 99 kati ya 100. Umefika wapi? Asilimia 58. Sasa mwache daktari mmoja yule yule, lakini vyote sita, pamoja na ratiba yake ya zamu, uvifikishe siku 98 kwa mia. Umefika asilimia 89.

Kazi hii ilikwisha kufanywa, na ilifanywa hapa. Katikati ya miaka ya 1980, Dk. Godfrey Mbaruku alikuwa katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, Maweni. Alifukua kumbukumbu za kila kifo cha mama mzazi kuanzia 1984 hadi 1986, akauliza kila kimoja kilikwama wapi. Uwiano ulikuwa vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Kuanzia 1987 walianza marekebisho, 22 kwa idadi, mengi ya kawaida kabisa: uwajibikaji wa watumishi, mafunzo yanayolingana na kazi yenyewe, kutumia vifaa vilivyopo mahali hapo badala ya kusubiri vya mbali. Kufikia 1991 uwiano ulikuwa 186. Aliuchapisha utafiti huo mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström wa Sweden. Vifo vilipungua hadi moja ya tano, katika miaka ambayo nchi ilikuwa imebanwa kiuchumi na hakuna aliyeshusha shehena ya madaktari stesheni ya Kigoma.

Msomaji mkali ataniuliza: kwa hiyo madaktari wa nini? Swali zuri, na nisingependa hoja hii imfikie mtu anayetafuta sababu ya kutoajiri. Marekebisho ya Mbaruku yalibana upotevu. Upotevu ukiisha, kinachobaki ni watu na mikono, na watu wa Kigoma hawakusubiri. Sensa ya 1988 ilihesabu takriban watu 855,000 mkoani. Ya 2002 ilikuta karibu milioni 1.7, mara mbili ndani ya miaka 14. Ya 2012 ikakuta milioni 2.13, na ya 2022 milioni 2.47. Kasi imepungua, lakini katika maisha ya mtu mzima mmoja mkoa umekuwa karibu mara tatu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 wahudumu 4.45, yaani madaktari, wauguzi na wakunga kwa jumla, kwa kila watu 1,000. Kwa milioni 2.47 hiyo ni watu 11,000 hivi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati ya kijijini ajijibu mwenyewe.

Na daktari haoti kwa mvua moja. Ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Nchi ikikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kama sensa ya 2022 ilivyoonyesha, katika miaka hiyo sita watu wanaongezeka kwa takriban asilimia 21. Anayesajili wanafunzi kulingana na pengo la leo amepanga kulikosa pengo la siku watakapohitimu.

Tanzania ilipata jibu lake mapema, tangu miaka ya 1960: daktari msaidizi. Alikuwa tabibu aliyekwisha kufanya kazi, akaongezewa miaka miwili ya masomo, pamoja na upasuaji. Wengi wa nje walitilia shaka. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti, Mbaruku akiwa mmoja wa waandishi, uliofuatilia zaidi ya wajawazito elfu moja wenye matatizo katika hospitali 14 za Kigoma na Mwanza. Sehemu kubwa ya upasuaji ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Tangu 2006, kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies, vituo vya afya vya Kigoma vilianza kuongezewa vyumba vya upasuaji ili watu wa namna hiyo wapasulie huko huko. Kwa lugha ya hesabu, ni kuongeza milango ya foleni bila kusubiri miaka sita, na kuisogeza karibu na mwambao.

Kusogeza karibu kuna faida nyingine, isiyoonekana kwenye hesabu ya kwanza. Nilisema vitanda ni wanaolazwa mara siku za kukaa, kana kwamba namba hizo mbili hazijuani. Zinajuana, kwa njia ya ziwa. Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu huko Kalya, kusini mwa mwambao, anayeanza homa Jumatatu. Akipimwa siku hiyo hiyo kwenye zahanati na ikawa ni malaria, anapewa dawa mseto, anakwenda nyumbani. Halazwi. Zahanati ikiwa haina kipimo, mama anangoja Jumanne, Jumatano anatafuta mtumbwi, mafuta yanachangwa Alhamisi, na Ijumaa mtoto anashushwa Kigoma akiwa na degedege na damu imekwisha. Sasa anahitaji sindano za artesuneti, damu ya kuongezwa, oksijeni, muuguzi wa karibu, na kitanda kwa siku tano sita, ukiongeza zile za kusubiri mtumbwi wa kurudi. Mgonjwa ni yule yule, ugonjwa ni ule ule. Ile dozi ya Jumatatu, kwa mtoto wa chini ya kilo 15, ni vidonge sita.